Senti Tano Kutoka Duka la Donati

Mtaa wa Maple 41,
Massena, New York.
13 Desemba 1999

Mpendwa mdogo wangu Orrin,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye theluji. U hali gani wewe, na Jolene hajambo? Mgongo wako je, bado unakunyima kulala kifudifudi? Wanasema huko Tucson watu wanatembea na mikono mifupi hata Desemba. Mimi siamini, lakini kwa kuwa wewe hujawahi kunidanganya, nitakubali nusu yake. Wanao Curtis na Dawn nao wape shavu langu walibusu, hata kama siku hizi ni watu wazima wenye rehani za nyumba.

Sisi huku tu wazima. Goti langu la kushoto linalalamika kila baridi inaposhuka, nami nimelizoea kama mtu anavyomzoea mpangaji mkorofi. Dada yetu Verna kikohozi kimemwachia. Mdomo ndio haujamwachia.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika. Najua Verna ameshakupigia simu. Nilimwona kupitia kioo cha mlango wa jikoni, amejikunja na simu kama mwizi wa kuku, na nilipoingia akaanza kuzungumzia bei ya siagi. Chochote alichokwambia juu yangu na Hollis Plumadore, nakuomba usikate shauri mpaka umalize kusoma barua hii. Wewe ndiye uliyeniambia siku ya mazishi ya mume wangu Royal, "Dada, usimruhusu tena mtu yeyote akufanye mjinga." Nimelishika neno lako. Pengine nimelishika mno.

Nianze na sarafu, maana bila sarafu hakuna habari. Mwaka huu wenzetu wa Kanada wametia watu wazimu. Kila mwezi wanatoa robo dola mpya, yenye picha mpya, eti wanaiaga karne. Huku kwetu ng'ambo ya mto imekuwa homa. Mashine za soda zinazitema, benki inazikataa, madereva wa malori wanazitupa kwenye visahani vya bakshishi, na sisi wa chama cha sarafu tunazigombania kama watoto na pipi. Hata mke wa mchungaji nimemwona akichokoachokoa kapu la sadaka kwa kidole.

Sheria yangu unaijua. Sarafu ya Kanada inaingia kwenye albamu yangu kwa njia mbili tu: niipate kwenye chenji, au nibadilishane na mtu kitu kwa kitu. Kununua, hapana. Watu wa chama wananicheka. Mwache acheke anayecheka. Ile albamu ya Baba, aliyoijaza kwa chenji za kiwandani maisha yake yote, Royal aliiuza akaenda kuzipoteza pesa kwenye kamari ya farasi, kisha akaniangalia usoni akasema tumeibiwa. Mpaka polisi walikuja, nikawapikia kahawa. Nilipoanza upya sikuwa na uwezo wa kununua hata kijiko, ndiyo maana nikaanza na chenji. Baadaye uwezo ulikuja, lakini sheria nikabaki nayo. Kila sarafu iliyomo humo naweza kukwambia ilitoka mkononi mwa nani.

Sasa uelewe hali ilivyokuwa mwaka huu. Wakati theluji inayeyuka, Gardner Tebo, yule mzee wa nyumba ya kijani, aliibiwa. Kijana mmoja mwenye adabu zake alijipenyeza kwake, akamletea supu alipougua, akamkatia nyasi, akawa anaitwa mwanangu. Siku moja Gardner akafungua kasha lake la dola za fedha, zile zenye mtumbwi, akakuta mna vipete vya chuma vya kufungia bomba. Kijana hakuonekana tena. Tangu hapo katika chama chetu hakuna anayemwambia mwenzake albamu anaiweka wapi. Tunakutana ukumbi wa zimamoto, tunakula biskuti, na kila mtu ameshika mkoba wake kifuani.

Mwezi wa sita, katikati ya hali hiyo, akaingia Hollis.

Huenda unamkumbuka kwa sura. Ni mrefu, mabega yamelegea kidogo, na alifanya kazi miaka yote pale kwenye milango ya mto, wanapopandisha na kushusha meli. Ni mgane, mkewe Irma alifariki mwaka juzi. Alikuja mvua ikinyesha, akakaa kiti kilichokuwa karibu nami, akaokota dola yangu yenye ndege wa ziwani na kuitazama.

"Ndege huyu wamemchora vizuri," akasema.

"Umemgeuza chali," nikamwambia.

"Samahani. Nilidhani ndivyo anavyoogelea."

Watu wakacheka. Mimi nilimwonea huruma, nikamfundisha. Nikamweleza habari za robo ya 1936 yenye kinukta: jinsi mfalme alivyofariki, mrithi akakiacha kiti, wakakosa sura ya kuweka, ikabidi watumie ile ya zamani na kutia kinukta chini ya tarehe. Akanisikiliza mpaka wanazima taa. Nilirudi nyumbani nimefurahi, na nilipofika mlangoni furaha ikaniogopesha. Hata Gardner alifurahi na yule kijana wake.

Mkutano uliofuata alikuja na robo ya 1947 yenye alama ya jani dogo la maple, lile la bendera ya Kanada, pembeni ya tarehe. Nilikuwa nimeitafuta muda mrefu. "Nimeipata kwenye chenji," akasema. Hayo hutokea. Nikampa badala yake dola moja nzuri, naye akaitia kwenye mfuko wa shati bila kuitazama.

Hapo ndipo machale yaliponicheza, Orrin. Mkusanyaji gani hatazami anachopewa? Sisi mtu akikupa sarafu unaigeuza mbele, nyuma na ukingoni, kisha unaigeuza tena ili akuone umeigeuza. Huyu anaitumbukiza kama peremende.

Kisha akaanza kuja nyumbani kila Jumapili baada ya ibada. Mara ana senti kumi, mara ana robo, mara nusu dola ya 1948, ambayo ni adimu kweli, eti ameikuta kwenye kopo la vifungo la marehemu mama yake. Kila aliyoleta niliipima. Nilitia kwenye mizani, nikasogeza sumaku, nikaikagua kwa lenzi chini ya taa. Nilikuwa natafuta tarehe iliyochongwa, ukingo uliounganishwa, rangi iliyopikwa. Hakuna. Zote halisi. Na kadiri zilivyokuwa halisi ndivyo nilivyozidi kukosa usingizi. Sarafu bandia ningejua la kufanya nayo. Sasa mtu anayekuletea za kweli unamshtaki kwa lipi?

Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Kila alicholeta kilikuwa kile kile nilichokikosa. Hakuwahi kuleta kitu ninacho. Nani alimwambia mapengo ya albamu yangu, wakati albamu yenyewe sijawahi kumwonyesha mtu wa nje?

Nikabadilisha kitasa cha mlango wa nyuma. Albamu nikaitoa kabatini nikaiweka kwenye sanduku la mapambo ya Pasaka. Nikaanza kumtazama kila mtu upya: mtu wa kusoma mita, jirani anayetuletea jibini mbichi, hata yule fundi wa jiko. Mwishowe nikamtazama Verna. Tangu alipohamia kwangu, yeye peke yake ndiye ananiona nikifungua albamu, na yeye ndiye hunisikia nikilalamika, "Laiti ningepata hii, laiti ningepata ile."

Basi nikamtegea. Ninayo senti tano ya 1925, yenye mfalme wa ndevu. Niliipata kwenye soko la mitumba, nikabadilishana na mama mmoja kwa chupa za kachumbari, na katika albamu yote ndiyo ninayojivunia kuliko zingine. Jumatatu moja, tukiwa tunamenya viazi, nikamwambia Verna kwa sauti ya msiba kwamba imepotea.

"Maskini!" akasema. "Ile ya mfalme mwenye ndevu?"

"Hiyo hiyo."

"Ya mwaka gani vile?"

"Ishirini na tano."

"Ishirini na tano," akarudia taratibu, kama mtoto anayekariri aya ya Jumapili.

Jumapili iliyofuata Hollis akaja, kofia mkononi, masikio mekundu. "Bi Theda, huwezi kuamini," akasema. "Jana nimenunua donati, yule binti akanipa chenji, kutazama hivi..." Akafungua kiganja. Senti tano ya 1925, Orrin. Safi kuliko yangu. Ukiniambia umechota maji mtoni ukatoka na pete ya malkia, nitakuamini kwanza. Kitu kile hakijapita kwenye droo ya duka la donati tangu sisi hatujazaliwa.

"Una bahati," nikamwambia.

"Hata mimi nashangaa," akasema.

Verna alikuwa anafuta meza iliyokwisha kufutwa. Niliwatazama wote wawili, na moyo ukaniuma kwa namna niliyoikumbuka. Ilikuwa ni ile ile ya zamani, ya kukaa jikoni kwako mwenyewe na kujua kwamba wenzako wanajua kitu.

Kesho yake nilivuka daraja peke yangu kwenda Cornwall, upande wa Kanada. Kule kuna duka la sarafu la mzee Halmos, Mhungaria aliyekuja Kanada kijana akikimbia vifaru vya Warusi. Mimi huwa napita tu kuchungulia kiooni, kwa sababu ya sheria yangu. Safari hii niliingia, nikaweka ile senti tano juu ya kaunta, nikamuuliza kama anaitambua. Nilikuwa nimejiandaa kusikia imeibwa.

Akaivalia miwani. Kisha akanitazama mimi. "Kumbe ndiye wewe," akasema.

"Ndiye mimi nani?"

"Huyo anayepata kila kitu kwenye chenji." Akacheka mpaka akakohoa. "Mama, huyu bwana wako amenichosha. Anataka nimpe sarafu niliyoitunza kama yai, halafu nimsugulie kwa kidole cha gumba ionekane imetoka mfukoni. Nikamwambia, bwana, mimi siwezi kufanya dhambi hiyo. Na ukisema ya 1925 imetoka kwenye donati, huyo mama akiwa na akili atakupiga na donati."

"Si bwana wangu," nikasema.

"Basi ni mjinga wa nani? Maana kwa hii ameuza injini ya boti. Kamuuzia jirani yangu hapo, fundi wa boti. Anasema ni kitu pekee anachoweza kuuza bila watoto wake kuuliza."

Najua mwanamke mwingine angelainika pale pale dukani. Mimi nilitoka nje nikakaa garini. Orrin, Royal naye alianza kwa kuleta. Umesahau? Aliniletea koti la manyoya, akaniletea redio, na kila alicholeta kilikuwa na uongo wake mfukoni. Mimi zawadi naziogopa kama wengine wanavyoogopa mbwa.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hata Verna mpaka leo halielewi. Ile albamu niliijaza mwenyewe, kwa ukweli, moja moja. Sasa ndani yake kulikuwa na sarafu za kununuliwa zilizoingia kwa jina la chenji, na mimi ndiye niliyezipokea kwa mikono yangu.

Jumapili alipokuja, amebeba nyama ya kulungu iliyofungwa kwenye gazeti, nilikuwa nimezitoa zote nikazitia kwenye chupa ya jamu. Nikaiweka mbele yake.

"Halmos anakusalimu," nikamwambia.

Akakaa. Hakukana, kwa hilo namsifu. Alitazama chupa, nyama iko mapajani mwake bado.

"Kwanza nijibu," nikasema. "Wewe unakusanya sarafu?"

"Hapana."

"Umewahi?"

"Bi Theda, mimi siku ile niliingia ukumbini kwa sababu ya mvua. Nilidhani ni bingo."

Verna akacheka kutoka kwenye ukumbi wa mbele. Nikamwambia afunge mlango, akaufunga lakini hakuondoka nyuma yake. Nilikuwa naona kivuli cha viatu vyake chini.

"Sasa ulikuwa unataka nini kwangu? Albamu?"

"Ningeifanyia nini? Sijui hata upande wa kuanzia." Akavua miwani akaifuta kwa tai. "Tangu Irma afariki, watu wakiniona wananiambia pole, halafu wanatazama saa. Wewe ulinikalisha ukanieleza habari ya nukta. Nukta moja tu, mama, na ukaieleza mpaka wakazima taa. Nilitaka unieleze tena. Nikajua bila sarafu huna la kuzungumza nami."

"Ukaona uongo ndiyo njia."

"Niliona ukisikia nimenunua utazikataa."

"Ningezikataa."

"Basi uongo ulinifikisha mpaka mwezi wa kumi na moja."

Orrin, nilitaka kucheka, na kule kutaka kucheka kukanitia hasira zaidi. Nikamwambia Royal alikuwa na majibu matamu kama hayo. Nikamwambia amenichafulia albamu, na amemtumia ndugu yangu kunipeleleza ndani ya nyumba yangu. Achukue chupa yake aende.

Akasimama. "Je, kosa langu ni uongo au ni albamu?" akauliza, si kwa dharau, alitaka kujua kweli.

"Ni vyote."

Akaichukua chupa. Nyama akaiacha mezani, na akafunga mlango polepole kama anatoka kanisani.

Verna aliingia kama kimbunga. "Haya, umefurahi?"

"Kumbe wewe ndiye redio yake. Ndugu yangu wa damu."

"Ndiyo, mimi! Na ningemwambia mpaka namba ya kiatu chako angeniuliza. Dada, sikiliza nikwambie. Royal alikuwa anachukua, na wewe ukanyamaza miaka yote ile. Huyu analeta, unamfukuza. Hebu nieleze hesabu yake, maana mimi imenishinda."

Nikaenda kupika ile nyama. Tuliila. Ilikuwa laini sana, na hilo nalo liliniudhi.

Zikapita wiki. Hakuja nyumbani, hakuja chamani. Nikajiambia, si unaona, alikuwa na lake, limeshindikana, amehamia kwingine. Nilimtazama kila mjane wa mji huu nikijiuliza ni yupi sasa analetewa.

Kisha maneno yakaanza kunifikia. Hollis Plumadore ameonekana kwenye nyumba ya mashine za kufulia, hana nguo za kufua, anapitisha vidole kwenye visahani vya chenji. Hollis ameonekana kituo cha mafuta anamsihi mwuzaji amfungulie droo. Hollis ameombwa atoke kwenye duka la viatu. Gardner Tebo ndiye aliyenieleza, akiwa ameshika fimbo yake na biskuti.

"Theda, yule mtu wako amechanganyikiwa."

"Si mtu wangu."

"Basi mwambie mtu asiye wako aache kupekua mashine za watu. Mimi nilidhani ni mwizi. Nimemfuata siku nzima."

"Ukaona nini?"

"Ni mbumbumbu tu," akasema Gardner. "Yule aliyeniibia mimi alikuwa hodari. Huyu hajui hata anachokitafuta. Nimemwona akirudisha robo nzuri ya fedha kwa sababu imechakaa."

Mkutano uliofuata Hollis akaja, akakaa mwisho wa meza. Wakati wa kubadilishana ulipofika akanyoosha mkono akaweka mbele yangu robo dola moja. Ilikuwa ile ya mwezi wa Novemba mwaka huu huu, ambayo kila mtu pale anayo mpaka amechoka nayo, tena ina mkwaruzo usoni kwa malkia.

"Imetoka wapi?" nikamuuliza.

"Mashine ya soda, kwa fundi wa matairi. Nilitia yetu, ikanirudishia hii."

"Nitamuuliza."

"Muulize."

Nikaenda kweli, Orrin, asubuhi yake, kwenye barafu, na goti hili. Fundi wa matairi akafuta mikono akaniambia kwamba mzee Plumadore alisimama pale kwenye mashine tangu wanafungua, anatia pesa na kubonyeza kitufe cha kurudisha, na mashine isiporudisha inampa soda, mpaka soda zikamshinda kubeba akaanza kuwagawia wateja. Kisha akapiga kelele. Wakadhani amebanwa kidole. Wakakimbia wakamkuta ameishika robo juu ya kichwa, anasema, "Ya kwangu hii! Nimeipata mimi!"

Nilisimama pale kati ya matairi sijui niangalie wapi. Nilikuwa nimekwenda kutafuta uongo. Nilipoukosa, nikajiona kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu kumbe uko wazi.

Nikampigia simu. Nikamwambia robo yake nimeikubali, na kwa kuwa kwangu mambo ni kitu kwa kitu, aje achukue chake. Nilikuwa nimemnunulia albamu tupu. Ndiyo, nilinunua, albamu si sarafu. Akaja, akafungua ukurasa wa kwanza, akaniuliza aanze upande gani. Tukakaa mpaka supu ya Verna ikapoa.

Juzi Jumamosi ndiyo siku niliyotaka kukusimulia, na Verna hajui lolote juu yake, kwa hiyo safari hii wewe ndiye wa kwanza. Nilimwambia Hollis kwamba mtu mwenye boti hawezi kukaa bila injini, na ile chupa ya jamu irudi ilikotoka. Tukavuka daraja pamoja kwa gari lake. Halmos akazipokea sarafu zake kwa mikono miwili kama wajukuu waliotoka hospitali, na hakutupunja sana. Jirani yake, fundi wa boti, alinung'unika, lakini akatuuzia injini. Tukaifunga kwenye blanketi tukailaza kiti cha nyuma, tukanunua kahawa, tukaanza safari ya kurudi huku theluji inaanguka.

Kwenye forodha yetu afisa alikuwa kijana mwenye sura ya kutoamini kitu, nikampenda mara moja. Akachungulia ndani. "Hicho kilichofungwa blanketi ni nini?"

"Injini ya boti," akasema Hollis.

"Desemba?"

"Nilikuwa nimeiuza. Nimeinunua tena."

"Kwa nini uliiuza?"

"Nilikuwa nanunua senti tano."

Afisa akavuta pumzi. Akaangalia theluji, akaangalia injini, akaniangalia mimi. "Na nyinyi wawili mnahusianaje?"

Hollis alinigeukia. Niliona kabisa kwamba hataki kudanganya na hajui ukweli ni upi. Na kijana yule anasubiri, na magari nyuma yetu yanasubiri, na mimi nina umri huu.

"Ni mchumba wangu," nikasema.

Mguu wa Hollis ukateleza kwenye klachi, gari likaruka likazimika.

"Mzee," afisa akasema, "mbona umeshtuka? Ulikuwa hujui?"

"Ndiyo kwanza nasikia," akasema Hollis.

"Egesha pembeni."

Wakatutoa garini, wakafungua lile blanketi, wakapekua chini ya viti, wakanusa mpaka chupa ya kahawa. Sisi tukawekwa ndani kwenye benchi, chini ya saa ya ukutani. Hollis alikuwa akizungusha kofia yake mikononi.

"Theda," akasema, bila Bi. "Ulikuwa unasema kweli, au ulitaka tu tupite?"

"Kumdanganya afisa wa forodha ni kosa la jinai," nikamwambia.

Akaushika mkono wangu na glavu yake, nami nikauacha. Walipokuja kutuambia twende, hakuna kati yetu aliyekuwa na haraka ya kusimama.

Basi ndiyo hiyo habari yangu, mdogo wangu. Tumeona iwe mwezi wa tano, barafu ikishatoka mtoni. Njoo wewe na Jolene. Njoo mapema, umkalishe Hollis peke yake umuulize yote unayotaka kumuuliza, hata mara mbili mbili, hatachukia, ameshazoea. Mimi bado naamka alfajiri siku nyingine nikijiuliza kama nimefanywa mjinga, na sitakuficha hilo. Lakini tangu Jumamosi nikishajiuliza nalala tena.

Verna nitamwambia Krismasi. Mwache kwanza ahangaike kidogo na simu yake.

Nisalimie sana Jolene, na umwambie mapishi ya zile pilipili nayasubiri. Nisalimie Curtis na mkewe, Dawn na mapacha wake, na shangazi Eulalie ukimtembelea kule kwenye makao ya wazee, hata kama hatakumbuka mimi ni nani. Mungu awakinge na ajali, awape afya na usingizi wa raha, na awavushe salama kuingia mwaka elfu mbili huu wanaotutisha nao kila siku.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ulipokuwa hujui kufunga kamba za viatu,

Theda